Mtoto wa Kiume Kati ya Mama Yake na Mkewe

Ugomvi wa mama mkwe, ambaye kwa baadhi ya watu wa pwani huitwa pia mavyaa, na mkaza mwana wake, yaani mke wa mtoto wake wa kiume, huelezwa mara nyingi kama suala la tabia: mama ana wivu, binti hana adabu, mume ametawaliwa. Maelezo hayo yananoga kibarazani lakini hayasaidii sana, kwa kuwa hayaonyeshi kwa nini ugomvi huohuo hubadilika sura kutoka jamii moja hadi nyingine. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, ambako kwa desturi kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, mke wa kijana huyo huingia katika nyumba ambayo mwenye jiko bado yu hai. Katika mji wa kale wa Lamu, kinyume chake, koo zenye uwezo zilizoea kumpa binti nyumba au ghorofa karibu na mama yake, na bwana harusi ndiye aliyehamia, akawa yeye wa kupima maneno mbele ya wakwe. Kwa hiyo anayetaka kutuliza ugomvi wa namna hii na aulize kwanza nani amehamia kwa nani, na ufunguo wa stoo uko kwa nani.

Wanapoishi ua mmoja, chanzo cha manung'uniko huwa jikoni zaidi ya chumbani. Mkaza mwana amekwisha kutia chumvi kwenye mchuzi. Mama mkwe anapita, anafunua sufuria, anaonja kwa kudondoshea kiganjani, kisha anaongeza chumvi yake bila kusema neno. Usiku mume anaporudi na kusema kwamba leo chumvi imezidi, kila mmoja wa wanawake hao husikia kwamba mwenzake ndiye aliyetetewa. Dawa inayofaa hapa ni kutenga jiko, maana yake kila mwanamke awe na mafiga, vyombo na akiba yake hata kama wote wanateka maji bomba moja. Lakini utengano huo hugeuka kuwa kisa kipya ukianza baada ya ugomvi, kwa sababu hapo husomeka kama kususa. Inafaa upangwe kabla mke hajaingia, jiko la mama litengenezwe kwanza, na sahani ya chakula iendelee kupelekwa kwake kama heshima.

Anayetakiwa kuutangaza mpango huo ni mtoto wa kiume mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mume anayekwenda kwa mama yake na kusema, “Mama, mwenzangu hataki mpike pamoja,” amejivua lawama na kumvika mkewe, ilhali angeweza kusema, “Mama, nimeonelea mimi kwamba tupike mbalimbali,” na uamuzi ukawa wake. Kanuni hiyohiyo inahusu maneno yanayotoka kwa mama: yaliyosemwa kwa hasira yaishie kwake, yasifike chumbani. Wapo pia wanaokaa kimya kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya wanawake, ingawa wanaogombana wanagombania nafasi kwa mume mwenyewe, na kimya chake huhesabiwa na kila upande kuwa ni jibu.

Fedha huhitaji uwazi zaidi ya jiko. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kumtumia mama fedha kumekuwa rahisi, na kumficha mke kumekuwa rahisi vilevile, hadi siku anapokuta ujumbe wa muamala kwenye simu wakati ada ya mtoto haijalipwa. Kiasi anachosikitikia mara nyingi si kikubwa. Kinachomuuma ni siri. Inapasa mume na mke wakubaliane kiwango cha kila mwezi cha mama, ndugu wengine wachangie, na mara mojamoja mkaza mwana ndiye atume kwa simu yake, apigiwe yeye kushukuriwa. Aidha, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 humpa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na wajibu huo haufutwi na mahitaji ya mama. Hatari kubwa zaidi ni ujenzi: mke anapochangia matofali na mabati ya nyumba iliyo kwenye kiwanja cha ukoo, pasipo maandishi wala shahidi, atajikuta mgeni siku mumewe atakapofariki. Makubaliano yaandikwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Katika malezi ya mtoto mchanga, pale mama mkwe anapotaka mtoto aonjeshwe maji na kliniki imesema anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, si busara mkaza mwana kumfundisha aliyelea kabla yake. Afadhali waende kliniki pamoja, mama mkwe amsikie muuguzi mwenyewe, na kupika uji wa pilipili manga wa mzazi aachiwe yeye.

Yakishindikana, aitwe mtu anayesikilizwa na pande zote, kama mshenga aliyepeleka posa, wala si wifi, kwani dada wa mume ni nadra kuaminika kwamba hana upande.

Kutenga jiko kuna mpaka wake. Mama aliyepooza hawezi kuwekewa mafiga ya peke yake, na mara nyingi mkaza mwana ndiye anayemwogesha na kumlisha, huku mchango huo ukihesabiwa kuwa wa mumewe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kukubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na kikao cha ukoo hakina sababu ya kubaki nyuma ya mahakama. Zamu na gharama zinapogawanywa kati ya watoto wote, mume anapaswa kuitaja kazi ya mkewe kwa jina lake, ihesabiwe sawa na fedha za shemeji aliye mjini.