Somo la Biashara: Ugonjwa Unapozuka Mbali, Oda ya Fundi wa Shirere Hukwama Wapi?

Fundi wa chuma wa Shirere anaweza kuwa mzima wa afya, moto wake ukiwaka na nyundo ikilia, na bado ugonjwa uliozuka bara jingine ukamnyima mapato ya nusu mwaka. Mafundi wengi duniani waliyaonja hayo mwaka wa 2020. Kwa kuwa siku hizi simu ya mkononi yatosha kuuza au kununua bidhaa nje ya nchi, somo la toleo hili linafuata safari ya oda moja ya ng'ambo ili kuonyesha inapokatika, na ni nani hubaki na hasara.

Bidhaa itakayotumika kama mfano ni upanga. Huu si panga la kufyekea miwa. Ni upanga wa kutundika ukutani, ule ambao wapenzi wa vitu vya kale huagiza kutoka mbali na kuuhifadhi kama wengine wanavyohifadhi stempu au sarafu. Huenda msomaji akashangaa kuukuta katika jarida la kaunti, lakini ni mfano unaofaa: hupitia mikono mingi, hakuna anayeuhitaji kwa dharura, na maafisa wa forodha huutazama kwa makini.

Sehemu kubwa ya panga za aina hiyo zinazouzwa duniani leo hutoka Longquan, mji ulioko mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China. Masimulizi ya huko yanasema ufuaji wa panga ulianzishwa na mhunzi Ou Yezi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na mwaka wa 2006 serikali ya China iliingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa taifa. Bidhaa za Longquan zilifika Afrika Mashariki zamani: vyombo vya udongo vya rangi ya kijani vilivyochomwa huko vimechimbuliwa katika magofu ya Gedi, kaunti ya Kilifi.

Upanga mmoja wa Longquan mara nyingi huwa kazi ya watu kadhaa. Mmoja hufua chuma, mwingine hunoa na kung'arisha bapa, mwingine huchonga kinga ya mkono, mwingine husuka kamba ya mpini, na wa mwisho hutengeneza ala ya mbao. Mmoja wao akikosekana, kazi ya wengine wote husimama. Wahunzi wa jua kali wanaijua hali hiyo: anayechomelea akiugua, milango hubaki imelala uani hata kama vyuma vyote vimekatwa.

Mwaka wa 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulienea China wakati mbaya kwa viwanda. Mji wa Wuhan ulifungwa Januari 23, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, wakati ambapo mamilioni ya wafanyakazi huwa wamerudi makwao kwa likizo. Kwa kawaida wenye karakana huwaambia wateja mapema kwamba kazi itasimama wiki mbili tatu. Safari hii likizo iliongezwa, na mkoa wa Zhejiang ukaagiza biashara nyingi zisifunguliwe kabla ya Februari 10. Huko Wenzhou, mji mkubwa ulio karibu na Longquan, kuanzia Februari 2 kila nyumba iliruhusiwa kumtoa mtu mmoja tu kila baada ya siku mbili kwenda kununua mahitaji. Mfanyakazi aliyerudi kutoka mkoa mwingine alitakiwa kujitenga siku 14 kabla ya kushika kazi. Kwa hivyo mteja wa Marekani au Ulaya aliyelipia upanga mwezi Desemba alisubiri kwa miezi, na bado upanga wenyewe ulikuwa haujatoka karakanani.

Kuzuia watu na vyombo visisogee ni njia ya kale ya kupambana na maradhi. Neno karantini lenyewe linatokana na siku 40 ambazo meli zilizoshukiwa kuwa na tauni zililazimishwa kungoja nje ya bandari ya Venice. Bidhaa haiugui, lakini haitembei bila mtu wa kuibeba.

Hapo ndipo usafiri unapoingia. Watu wengi hudhani kifurushi cha ng'ambo hupanda ndege ya mizigo. Ukweli ni kwamba kabla ya 2020 karibu nusu ya mizigo yote ya angani ilisafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu ya wasafiri. Abiria wakikatazwa kusafiri, nafasi hiyo hupotea pamoja nao. Kenya Airways ilisimamisha safari zake za Guangzhou Januari 31, 2020. Kenya ilipofunga anga kwa ndege za kimataifa za abiria usiku wa Machi 25, ndege za mizigo ziliachwa ziendelee, lakini nafasi ilikuwa finyu na bei ikapanda. Baadaye Kenya Airways iliondoa viti katika baadhi ya ndege zake za Boeing 787 ili zibebe mizigo. Nafasi iliyokuwepo ilitangulizwa barakoa, dawa na vifaa vya hospitali. Upanga wa ukutani ulikaa nyuma kabisa ya foleni, na ni haki ulikaa huko.

Njia ya bahari nayo haikuwa nafuu. Wastani wa bei ya kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia, ambao mwaka wa 2019 ulikuwa chini ya dola 2,000, ulipita dola 10,000 mwezi Septemba 2021. Mwezi uliotangulia, mfanyakazi mmoja tu alipopatikana na virusi katika gati la Meishan kwenye bandari ya Ningbo, iliyoko mkoa huo huo wa Zhejiang, gati zima lilifungwa kwa takriban wiki mbili.

Kenya ina upanga wake pia. Simi ya Wamaasai, Wasamburu, Wakamba na Wakikuyu, yenye bapa linalopanuka karibu na ncha na ala ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu, hupendwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Wengi wao hawaagizi. Huinunua wakiwa watalii. Mwaka wa 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka uliofuata walikuwa chini ya 600,000. Kwa muuzaji wa simi, vinyago au shanga, mteja wa ng'ambo alitoweka hata bila oda kufutwa. Wachongaji wa jiwe la sabuni wa Tabaka, kaunti ya Kisii, ambao hutegemea zaidi maduka ya Ulaya na Marekani, walikutana na mlango mwingine uliofungwa: maduka yenyewe. Na wakulima wa maua wa Naivasha walilazimika kutupa maua mwezi Machi 2020 kwa kuwa soko la Uholanzi lilianguka kwa siku chache. Angalau jiwe na chuma havinyauki. Vinaweza kungoja stoo hadi mwaka ujao, mradi mwenye navyo hadaiwi.

Deni ndilo linaloumiza, na inafaa lipigiwe hesabu. Chukulia fundi amepata oda ya simi 40 kutoka kwa mnunuzi wa Ujerumani, kila moja Sh2,500. Jumla ni Sh100,000. Chuma, ngozi, rangi na makaa vinamgharimu Sh45,000, ambazo amekopa katika chama chake kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na mnunuzi ameahidi kulipa zote mzigo ukifika. Mambo yakienda sawa, atabaki na Sh55,000 kabla ya riba. Sasa ugonjwa unazuka, ndege zinasimama, na baada ya miezi mitano mnunuzi anafuta oda. Riba pekee imefika Sh11,250. Fundi anadaiwa Sh56,250, yaani zaidi ya faida yote aliyoitarajia. Simi anazo, lakini sokoni Kakamega hakuna atakayezinunua kwa bei ile.

Rudia hesabu hiyo kwa masharti tofauti: nusu ya fedha kabla ya kununua vifaa, asilimia 30 mzigo unapokabidhiwa msafirishaji, na asilimia 20 ukifika. Oda ikifutwa kabla ya kusafirishwa, fundi tayari ameshika Sh50,000. Vifaa vimelipwa, hajakopa, na simi zimebaki mkononi mwake. Mnunuzi mwenye nia njema huyakubali masharti ya aina hii, kwa sababu naye analindwa na salio aliloshikilia. Anayekataa kutoa hata shilingi moja mapema huwa anamwachia fundi hatari yote, na ni vyema fundi ajue hivyo kabla ya kuwasha moto.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu uliohifadhiwa. Sentensi inayosahauliwa zaidi ni ile ya tukio lililo nje ya uwezo wa pande zote mbili. Iseme wazi kwamba mlipuko wa ugonjwa, karantini au kufungwa kwa mpaka vitasogeza tarehe ya kufikisha mzigo, itasogezwa kwa muda gani, na baada ya muda huo nani ana haki ya kujitoa na arbuni inabaki kwa nani. Kusema tu "dharura" hakutoshi, kwa sababu kila upande utaitafsiri dharura kwa faida yake.

Mkazi anayeagiza kutoka nje yuko katika hatari ya upande wa pili. Muuzaji wa mbali akichelewa kwa sababu ya kweli kama ile ya 2020, mnunuzi muungwana huambiwa asubiri kidogo, kisha kidogo tena. Wakati huo saa inaendelea. Kwa mfano, anayelipa kupitia PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo kufungua malalamiko kwamba bidhaa haikufika. Siku ya 181, uvumilivu wake hautamrudishia hata senti. Anayefungua malalamiko mapema hajamkosea mtu adabu, na mzigo ukifika anaweza kuyafunga. Anayetuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu asiyemjua hana hata hizo siku 180.

Kuna swali ambalo watu waliuliza sana wakati wa korona na litaulizwa tena: je, kifurushi chenyewe chaweza kuleta ugonjwa? Watafiti waliopima virusi vya korona mwaka wa 2020 waliviona vikidumu siku 2 hadi 3 juu ya plastiki na chuma kisichoshika kutu, na muda mfupi zaidi juu ya katoni. Meli kutoka China hadi Mombasa huchukua wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kupitia mzigo uliosafiri hivyo ni mdogo. Kunawa mikono baada ya kufungua kunatosha, na hakuna sababu ya kumkimbia mwendeshaji bodaboda anayeleta mzigo.

Kwa wakazi wa magharibi mwa Kenya, oda ya nje si lazima ivuke bahari. Mzigo wa Uganda, Rwanda au mashariki mwa Kongo hupitia Busia au Malaba, na mwezi Mei 2020 foleni ya malori Malaba ilinyooka kwa kilomita nyingi wakati madereva wakingoja matokeo ya vipimo. Homa ya nyani, au mpox, ilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 31, 2024, katika kituo cha mpakani huko Taita Taveta, na wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Ugonjwa huo huenea hasa kwa kugusana kwa karibu na mgonjwa. Dereva au utingo mwenye homa na vipele afike kituo cha afya kabla ya kuendelea na safari, au apige simu nambari 719 ya Wizara ya Afya. Mwenye mzigo aongeze siku za ukaguzi katika tarehe anayomwahidi mteja.

Jambo la mwisho linahusu upanga wenyewe. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, panga, sime na ala zake ziko sura ya 93, sura moja na bunduki, chini ya namba 9307. Upanga wenye umri wa zaidi ya miaka 100 unaweza kuainishwa kama kitu cha kale. Kuandika "mapambo ya nyumbani" kwenye fomu ili kukwepa maswali huzaa maswali mengi zaidi mzigo ukifunguliwa, na wakati wa mlipuko, maafisa wakiwa wachache, mzigo wenye shaka hukaa muda mrefu zaidi. Kabla ya kulipa au kutuma, mkazi aulize Mamlaka ya Ushuru (KRA) kibali gani kinahitajika. Maswali hayo yanaweza kuanzia katika dawati la KRA, Huduma Centre ya Kakamega, na ni vyema kubeba picha ya bidhaa, vipimo vyake na nakala ya makubaliano na mteja.