Saa ya Kiswahili na Ramani: Ufundishaji wa Kanda za Saa

Makala haya yanaangazia kosa moja ambalo humwandama mwanafunzi anapojifunza saa na ramani kwa Kiswahili. Akiulizwa ni saa ngapi London wakati Nairobi ni saa tatu asubuhi, mwanafunzi wa shule aghalabu hukumbuka kwamba Kiingereza na Kiswahili hutofautiana kwa saa sita, akadhani kwamba hilo ndilo pengo lililopo kati ya miji hiyo miwili. Hapo hesabu yote huharibika.

Sita hiyo ni ya kuhesabu tu. Kiswahili huanza kuhesabu saa kunapopambazuka na tena kunapokuchwa, ilhali saa za Kizungu huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Watu wawili walioketi benchi moja, mmoja akiisoma saa kwa Kiswahili na mwenziwe kwa Kiingereza, watataja nambari mbili, lakini wakati wao ni mmoja. Tofauti ya ukanda wa saa ni ya mahali. Haibadiliki kwa kubadilisha lugha. Mwalimu asiyezitenga tofauti hizi mbili mapema atapata taabu baadaye.

Msamiati wenyewe unampa mwalimu pa kuanzia. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, la kwanza likihusu kuchomoza kwa jua na la pili kutua kwake. Magharibi ni upande wa dunia na pia ni wakati wa swala. Kaskazini na kusini zinahusiana na pepo za kaskazi na kusi, ambazo mabaharia wa pwani walipangia safari zao. Mwanafunzi wa Kiswahili basi anayo dira na saa kinywani kabla hajaifungua atlasi.

Hatua inayofuata ni ya hesabu. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na longitudo ya digrii 40 mashariki na Nairobi karibu na 37. Jua huitangulia Nairobi pale pwani kwa dakika kama 12. Hata hivyo miji yote miwili hutumia saa moja, kwa kuwa mipaka ya kanda huwekwa na serikali. Kenya, Uganda na Tanzania zimetangulia Greenwich kwa saa 3. Longitudo inayolingana na saa hizo ni ya 45, nayo hupita karibu na Mogadishu. Ndiyo sababu kijiti kilichosimamishwa uwanjani Nairobi hutoa kivuli kifupi kabisa yapata saa sita na nusu, ikizidi au kupungua kwa robo saa kutegemea mwezi. Zoezi hilo halina gharama, na lina faida kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Mfano ulio bora zaidi unapatikana Ziwa Tanganyika. Kigoma na Bujumbura zote ziko ufukweni, na longitudo zao zinatofautiana kwa chini ya theluthi moja ya digrii. Jua huzichomozea karibu kwa pamoja. Lakini Burundi hutumia saa za Afrika ya Kati, zilizotangulia Greenwich kwa saa 2 tu. Kwa hiyo jua lichomozapo, saa ya Bujumbura husema yapata saa kumi na mbili asubuhi, na ya Kigoma yapata saa moja. Mwanafunzi akiiona miji hiyo kwenye ramani, ataelewa mara moja kwamba mipaka ya kanda ni suala la kisiasa pia.

Mfano wa London una mtego wake. Nairobi huitangulia London kwa saa 3 tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi; miezi mingine Waingereza husogeza saa zao mbele, na pengo likabaki saa 2. Swali la aya ya kwanza lina majibu mawili basi: Januari ni saa kumi na mbili asubuhi, Julai ni saa moja asubuhi. Isitoshe, London mwezi Desemba jua huchomoza yapata saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi. Hesabu ya Kiswahili ni zao la nchi za ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima.

Suala la tarehe ndilo huwashinda wengi. Nairobi ikiwa saa saba usiku, Jumamosi ya mwezi Januari kwa kalenda ya kawaida, London ni saa nne usiku, na huko bado ni Ijumaa. Kwa desturi ya Waswahili wa pwani, hata hivyo, siku mpya huanza jua litwapo, na usiku hutangulia mchana wake. Mzee wa Lamu angeziita nyakati hizo mbili kwa jina moja: usiku wa kuamkia Jumamosi.