Kapi mla majani bwawani

Swali: Bwawa langu hapa Kilangali limejaa majani ya chini ya maji, ndoano inanasa kila nikitupa. Nasikia kuna samaki aitwaye kapi anayekula majani. Nimlete?

Jibu: Atayala kweli, hasa yale laini, tena maji yakiwa na joto. Magugu maji yanayoelea hayapendi. Kwa hayo, Ziwa Victoria walitumia mbawakawa. Ila mimi nisingemleta. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwanzoni mwa 2010, samaki mgeni aliye bwawani angetoroka na kufika mto Wami kirahisi tu. Na kumwingiza kunahitaji kibali cha Idara ya Uvuvi. Chukua reki, yang'oe majani na mizizi yake, yarundike mbali na ukingo yasirudi kuozea majini. Halafu angalia mfereji: maji ya mashamba ya mpunga yenye mbolea yakiingia bwawani, majani yataota tena.