Chai baridi ya maziwa na tangawisi: barafu ikae nje ya glasi



Somo la leo ni la jikoni, lakini linatoka shambani. Mnajua wenyewe namna inavyokuwa: wote wakileta tangawisi sokoni wiki moja, bei inaanguka. Aliyelipa toleka, aliyelipa pirogi ya kuvuka kutoka Lubunga, wote wanauza kwa hasara juu ya hawataki kurudi nyumbani na gunia. Njia moja ya kutoka hapo ni kuuza sehemu ya tangawisi ikiwa imekwisha kuwa kinywaji. Juisi ya tangawisi tunaijua sote. Hii ya leo ni chai ya maziwa yenye viungo, inayonywewa baridi.

Katika miji ya Ulaya na Marekani chai hii inauzwa kwa bei kubwa, wanaiita «chai latte». Latte ni neno la Kiitaliano, maana yake maziwa tu. Kwa hiyo ni chai ya maziwa, ile ile inayopikwa India na Pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani, wao wameongeza barafu. Hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na joto la saa nane mchana, kuinywa baridi ni wazo zuri. Lakini kuko hatari ndani yake ambayo chai ya moto haina, na tutakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye mapishi yenyewe.

Vitu vinavyotakiwa

Kwa glasi 10 za sentilita 25 mnahitaji: maji litre 1 na nusu na kidogo zaidi (mengine yatapotea kwa mvuke), tangawisi mbichi gramu 100, yaani kipande chenye ukubwa wa vidole gumba vitatu hivi, majani ya chai vijiko vidogo 10, sitroneli (mchaichai) mabua 4, sukari vijiko vikubwa 10, na maziwa litre 1. Mwenye mdalasini aweke kijiti kimoja. Iliki na karafuu ni vizuri lakini vinatoka mbali na bei yake iko juu. Chai inapendeza bila hivyo. Mwenye kulima vanilla asitie tunda zima. Ganda lililokwisha kutolewa mbegu, likikaa ndani ya sukari wiki mbili, linatoa harufu ya kutosha.

Majani ya chai yanatoka Kivu, kwenye milima. Mti wa chai unapenda baridi ya juu, na Kisangani iko karibu mita 400 tu juu ya bahari. Kitu hicho tutanunua. Tangawisi na sitroneli ni vya shamba letu, na njo hivyo vinavyofanya mtu arudi kununua glasi ya pili.

Maziwa ndiyo kitu cha bei kali. Ng'ombe ni wachache katika msitu wetu juu ya mbung'o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa malale wa wanyama. Wengi mtatumia maziwa ya unga, ambayo mengine yanapanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700. Kwa litre moja chukua karibu gramu 130 za unga. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, koroga unga na maji kidogo mpaka uwe kama uji mzito, kisha ongeza maji mengine. Ukitia unga wote ndani ya maji ya moto mara moja, unapata mabonge.

Wenye soya wanaweza kutengeneza maziwa yake. Loweka usiku mzima kikombe kimoja cha soya kavu, toa maganda, saga au twanga laini, changanya na vikombe 7 au 8 vya maji, chuja kwa kitambaa safi. Halafu yachemke dakika 20 huku ukikoroga, juu yanapanda haraka na kumwagika. Msipunguze dakika hizo. Soya isiyoiva inasumbua tumbo na ina ladha ya majani mabichi. Ladha ya soya haifanani na ya ng'ombe, lakini tangawisi inaifunika vizuri, na gharama inashuka sana.

Kupika

Osha tangawisi, ponda, tia ndani ya maji pamoja na sitroneli na mdalasini. Funika sufuria, acha ichemke dakika 15. Ondoa kwenye mbabula, tia majani ya chai, funika tena dakika 5, basi. Majani yakiendelea kuchemka chai inakuwa chungu. Chuja, tia sukari wakati ingali moto ili iyeyuke yote. Mtaona ni kali na tamu kupita kiasi. Ni sawa. Ulimi hausikii sukari sana kwenye kitu baridi, na maziwa bado yatapunguza ukali.

Wengi hapa wanalalamika: «Maziwa yanakatika!» Sababu iko kwenye tangawisi. Tangawisi mbichi ina kitu ndani yake kinachogandisha maziwa, na kule China kuko watu wanaotumia nguvu hiyo makusudi kutengeneza chakula kitamu cha maziwa mgando. Moto wa dakika 15 unakiua. Kwa hiyo tangawisi ichemke kwenye maji peke yake kwanza, maziwa yaingie mwisho. Na ndimu, ambayo tumezoea kuitia kwenye juisi ya tangawisi, isikaribie chai hii. Uchachu wake unakata maziwa ya ng'ombe na ya soya pia.

Chai ikipoa bila maziwa inaweza kuwa na rangi ya matope kidogo. Haijaharibika. Ni ukali wa majani unaoshikana kwa baridi.

Sasa, barafu

Chai ya moto inajilinda yenyewe: maji yamechemka, na mtu anaikunywa ingali inatoa moshi. Chai baridi haina ulinzi huo. Mtu anaweza kuchemsha kila kitu sawasawa, halafu mwishoni akatupa ndani ya glasi kipande cha barafu kilichogandishwa kutoka maji ya kisima au ya mto, na kazi yote ya moto imeharibika kwa nukta moja. Baridi haiui vijidudu. Inavilaza tu, na barafu ikiyeyuka vinaamka.

Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Mwaka 2011 kolera ilianza hapa Kisangani ikashuka na mto mpaka Kinshasa. Ilipoingia Peru mwaka 1991, vinywaji vya kuuza barabarani vilikuwa kati ya njia ambazo ugonjwa ulipitia. Wateja wa kikundi chenu ni majirani, na watoto wao. Kikundi kikigonjesha watu mara moja, jina lake limekwisha sokoni, hata kama tangawisi yake ni nzuri namna gani.

Kanuni ni fupi: barafu isiyojulikana ilitoka wapi ikae nje. Nunua barafu ya sashe, panga sashe zikiwa zimefungwa ndani ya beseni au sanduku lenye kifuniko, tia chumvi kidogo na maji kiasi, kisha simamisha humo chupa za chai zilizofungwa vizuri. Shingo ya chupa ibaki juu ya maji. Maji ya barafu yanashika chupa pande zote, kwa hiyo chupa inapoa haraka kuliko ikilala juu ya barafu kavu. Kabla ya kumimina, pangusa chupa ili matone yasiingie kwenye glasi.

Mwenye frigo inayogandisha anaweza kufanya vizuri zaidi: gandisha chai yenyewe, ile iliyochujwa, bila maziwa. Vipande hivyo mkitia ndani ya glasi, vinapoza, na vikiyeyuka haviharibu ladha juu ya ni chai. Vyombo vya kugandishia vioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemka, na vishikwe kwa kijiko, si kwa vidole.

Mtu atauliza: «Na ule mtungi ndani ya mtungi, wenye mchanga na maji katikati?» Mtungi huo ulienea kaskazini ya Nijeria kwa kazi ya mwalimu Mohammed Bah Abba, na kule unasaidia sana mboga. Lakini unafanya kazi kwa sababu hewa ya kule ni kavu, maji ya mchanga yanapanda hewani na kuondoka na joto. Hewa yetu ya msitu imejaa unyevu tayari. Hapa mtungi utapoza kidogo tu, unafaa kwa nyanya na mboga za majani, si kwa maziwa. Msiuamini.

Kwa upande wa saa: chai kali bila maziwa inakaa siku 3 ndani ya frigo. Ikichanganywa na maziwa, iishe siku hiyo hiyo. Nje ya baridi, kwenye joto letu, msiivushe saa moja. Kwa hiyo ni akili kuchanganya wakati mteja amesimama mbele yenu: sehemu 3 za chai, sehemu 2 za maziwa baridi. Umeme ukikatika, msifungue frigo. Ukipita masaa 4 bila kurudi, maziwa yaliyomo yamwagwe. Inauma, lakini yamwagwe.

Jambo lingine dogo: chai inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka chakula. Watoto wadogo na wamama wenye mimba, ambao mara nyingi wana upungufu wa damu, wasiinywe pamoja na chakula.

Hesabu ya kikundi

Andikeni kila kitu: makala, barafu, sabuni, glasi iliyovunjika, siku ya kazi ya yule aliyesimama mezani. Na tangawisi mliyotoa shambani iandikwe pia, kwa bei ya soko ya siku hiyo, hata kama hakuna aliyeilipa. Halafu gawanyeni kwa glasi zilizouzwa, si zilizomiminwa. Kama mmemimina 40 na mmeuza 31, kwa sababu marafiki ni wengi, basi gharama inabebwa na hizo 31. Vikundi vingi vinaona faida kwenye kitabu na sanduku liko tupu. Mara nyingi jibu liko kwenye zile 9.

Tangawisi isiyouzwa ikatwe vipande vyembamba vya milimita 3 au 4, ikaushwe juu ya meza ya mabua, mbali na udongo, chini ya plastiki inayoinuliwa ili hewa ipite. Kilo 5 za mbichi zinatoa karibu kilo 1 ya kavu. Ikauke mpaka ivunjike kwa sauti. Yenye ukungu itupwe, hata ukungu mdogo. Hiyo kavu njo mtakayopikia chai miezi ambayo tangawisi mbichi ni adimu: gramu 20 mahali pa gramu 100.

Maswali ya kuzungumzia kikaoni

Barafu inayouzwa karibu na soko letu inagandishwa kutoka maji gani, na nani kati yetu ataenda kuuliza?

Nani atashika kitabu cha hesabu, na nani mwingine atakikagua?

Pikeni sufuria moja ya maziwa ya unga na moja ya soya, mwape watu 10 wanywe bila kuwaambia ipi ni ipi. Wangapi wanakubali kulipa kwa ile ya soya, na kwa bei gani?