Mkesha wa Watakatifu na Moto wa Jikoni

Usiku wa tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Watakatifu Wote. Huko Ulaya na Marekani usiku huo huitwa Halloween, na watoto huvaa sura za kutisha. Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna haja ya sura hizo: mvua za vuli zinyeshapo migombani, na jamaa wakazunguka mafiga matatu, hadithi za mizuka huja zenyewe.

Wapenzi wasomaji, hadithi hatuzilaumu. Mtoto aliyesimuliwa na bibi yake amepewa mali. Lakini tuangalie mwisho wake. Hadithi ikimfundisha mtoto kwamba kila kifo kina mtu aliyekileta, hofu haitazimika pamoja na moto. Kesho itatafuta wa kumshika. Na mara nyingi humshika bibi yule yule aliyesimulia.

Twajua yaliyotokea katika Kanda ya Ziwa: vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Je, wekundu huo umetoka wapi? Umetoka jikoni. Mama ameinama miaka na miaka juu ya kuni mbichi, katika nyumba isiyo na dirisha, akiwapikia watoto na wajukuu. Moshi umemwumiza macho hata yakawa mekundu. Basi alama ya upendo wake imegeuzwa kuwa ushahidi wa kumhukumu. Ni dhuluma gani ipitayo hiyo?

Kanisa hutufundisha njia nyingine. Yapata mwaka 998 Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba, na desturi hiyo ikaenea duniani. Marehemu si adui wa kuogopwa; ni ndugu wa kuombewa.

Kwa hiyo, enyi wazazi, hadithi zikiisha usiku ule, baba ayataje majina ya marehemu wa nyumba, mmoja mmoja, na wote waitikie. Wakumbukwe pia wale tusiowajua majina, ambao Mto Kagera uliwachukua mwaka 1994 wakati wa mauaji ya Rwanda. Kisha bibi awabariki wajukuu wake. Na kutakapopambazuka, vijana wamtobolee dirisha jikoni.