Mzazi Kazini: Maelezo kwa Waajiri na Wafanyakazi wa Mji wa Babati

Kijitabu hiki kimekusudiwa wenye maduka, mashine za nafaka, nyumba za wageni, shule na ofisi za Babati, pamoja na wafanyakazi wao. Maana tangu mji huu uwe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, wengi wamehamia hapa kutafuta riziki ya mshahara, wakiwaacha mbali bibi na shangazi ambao ndio waliokuwa wakishika mtoto mama akiwa kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijaaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, ilimradi amtaarifu mwajiri miezi 3 kabla, kwa cheti cha daktari. Mjamzito, hasa katika nyumba za wageni zilizo kando ya barabara kuu ya Arusha na Dodoma, asipangiwe zamu ya usiku katika miezi 2 ya kuelekea kujifungua.

Hayo huandikwa barua yakatiwa jaladani. Linalosahauliwa mno ni saa za kunyonyesha, zisizozidi 2 kwa siku, ambazo sheria imezifanya faradhi juu ya mwajiri na wengi wangali wanazidhani kuwa ni hisani. Fikiria mama auzaye dukani karibu na stendi, ambaye saa nne ya asubuhi huletewa mwanawe mgongoni mwa dada wa kazi, akamnyonyesha nyuma ya magunia ya mchele huku akiinuka kila mteja anapobisha hodi, hata mtoto akaachia titi kwa kilio na maziwa yakalowesha kanga. Ilhali kiti kimoja, pazia, na mwenzake wa kumshikia kaunta kwa nusu saa vingetosha kabisa.

Baba naye ana siku 3 zenye malipo, azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa rai yetu ni chache mno: jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, humpa baba wiki 2, na Uswidi imewashirikisha akina baba katika likizo ya malezi tangu 1974. Lakini sheria yetu imetaja kiwango cha chini tu, wala haikumzuia mwajiri wa Babati kuzidisha, nasi twamsihi azidishe.

Atakayefukuzwa kazi kwa sababu ya ujauzito asikae kimya kwa soni, kwani kufukuzwa huko si halali: achukue mkataba, hati za mshahara na kadi ya kliniki, akafungue shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 30 kupita.