Tafonomia: Elimu ya Kaburi na Ukimya wa Ardhi



Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu ofisi ya parokia kutafuta kumbukumbu ya ubatizo wake. Baada ya miaka mingi ya kuishi pamoja, yeye na babu walitaka kufunga ndoa kanisani. Kitabu cha miaka ile kilikuwa kimeliwa na mchwa, kurasa nyingi hazisomeki. Kijana aliyekuwa akitusaidia alikifunga akasema, "Bibi, jina halimo. Basi hukubatizwa." Bibi alinyamaza tu.

Kauli ile ina kosa la kimantiki, na neno moja kutoka elimu ya visukuku linatusaidia kuliona. Neno hilo ni tafonomia.

Maana ya neno

Visukuku ni mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ardhini. Mwaka 1940 Ivan Efremov, mtaalamu wa visukuku wa Umoja wa Kisovieti, aliunda neno tafonomia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: taphos, yaani kaburi, na nomos, yaani sheria. Tunaosoma Kigiriki tutakumbuka kwamba taphos ni neno ambalo Mathayo analitumia kwa kaburi la Bwana. Tafonomia, basi, ni elimu ya mambo yanayoyapata mabaki ya kiumbe tangu kinapokufa hadi yanapofukuliwa.

Njia hiyo ni ndefu. Swala akifa mbugani, fisi na tai humla nyama, na mifupa huvunjwa. Jua huipasua, maji huisomba, udongo wenye asidi huiyeyusha. Ikibahatika kufunikwa mapema na tope au majivu ya volkano, madini yaliyomo majini yanaweza kuipenya taratibu na kuifanya kama jiwe. Halafu ni lazima mmomonyoko uifichue, na mtu apite hapo kabla haijasagika. Ndiyo maana meno na mifupa hupatikana mara nyingi kuliko ngozi au nyama.

Jinsi neno linavyotumika

Wengine huchanganya tafonomia na paleontolojia, yaani elimu yote ya viumbe wa kale. Tafonomia ni tawi lake. Paleontolojia huuliza: kiumbe huyu alikuwa nani, na aliishije? Tafonomia huuliza: mabaki yake yamefikaje hapa, na nini kimepotea njiani?

Kule Olduvai, mifupa ya wanyama imepatikana pamoja na zana za mawe. Baadhi ina alama za kukatwa kwa mawe, na baadhi ina alama za meno ya wanyama wala nyama. Kabla ya kusema kwamba watu wa kale waliwawinda wanyama hao, mtafiti huchunguza tafonomia ya mifupa: nani aliufikia mzoga kwanza, mtu au mnyama?

Laetoli, kusini mwa Olduvai, inatuonyesha jambo jingine. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.5 iliyopita. Majivu ya volkano yalinyeshewa, yakakanyagwa, yakawa magumu, kisha majivu mengine yakayafunika. Miguu yenyewe imeoza, nyayo zimebaki. Pasipo mvua ile, viumbe hao wangepita vilevile, ila sisi tusingejua.

Funzo la kifalsafa

Kukosa ushahidi kwamba kitu kilikuwapo si sawa na kuwa na ushahidi kwamba hakikuwapo. Lakini tusiifanye tafonomia kichaka cha kujifichia, mtu akasema lolote apendalo kisha akadai kwamba ushahidi umeoza. Mahali ambapo mabaki ya aina fulani huhifadhiwa vizuri, na watu wamechimba kwa bidii, kukosekana kwake kunaanza kutuambia jambo. Mahali ambapo huoza upesi, hakutuambii kitu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hukumu tujiulize: kama kingekuwapo, je, kingebaki?

Tukirudi parokiani

Tukiulize swali hilo kitabu kile: kama bibi alibatizwa, je, jina lake lingesomeka leo? Katika kurasa zilizoliwa na mchwa, hapana. Ukimya wa kitabu haukuwa na uzito. Sheria ya Kanisa inalitambua hilo: Kanuni ya 876 inaruhusu ubatizo kuthibitishwa kwa tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, ikiwa hakuna anayedhurika. Dada mkubwa wa bibi, aliyekuwapo kanisani siku ile, yu hai. Paroko alimwita, akamsikiliza, akaandika. Babu na bibi wakafunga ndoa.

Historia ya imani katika vijiji vyetu nayo ina tafonomia yake. Vitabu vimehifadhi majina ya wengi, lakini mama aliyewafundisha watoto wa jirani Baba Yetu kando ya jiko hamkuti humo. Asidhaniwe kwamba hakuwapo.

Kwa tafakari: ni nani aliyekuletea imani, ambaye jina lake halijaandikwa popote? Waulize wazee nyumbani kwako, uandike, wangali hai.